Mama Hyasinta, mfua nguo aliyezifungia helmeti siku ya fainali

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Septemba 2019, Hyasinta Mkude amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa stoo ya michezo. Helmeti iko mapajani mwake. Anabonyeza sponji ya ndani kwa kidole gumba, anapitisha ukucha kuzunguka kila skrubu, kisha anaigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio.

"Nzima inasema ko, ko," anaeleza bila kuinua macho. "Iliyochoka inasema pwa."

Nje, wachezaji thelathini na wanne wamepanga foleni. Wengine wana kilo mia na zaidi. Saa tano wanacheza fainali, lakini hakuna anayethubutu kumharakisha mama huyu mwembamba mwenye miaka hamsini na mitatu.

Hapa ni Midrand, Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Kikristo cha Hermoni. Timu inaitwa Nyati, na mchezo wenyewe ni futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye ncha mbili, ambapo watu hugongana kama mafahali ili mmoja wao afikishe mpira mwisho wa uwanja.

Ukiuliza historia ya Nyati, watakutajia kocha. Kocha mwenyewe ukimuuliza, anakuelekeza stoo.

Hyasinta alizaliwa Morogoro. Akiwa binti alipata kazi ya kushona sare huko Mazimbu, kwenye makazi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Hapo ndipo alipokutana na Vusi, fundi bomba, akaolewa. Mwaka 1992 wakimbizi waliporudi kwao, naye akaja Johannesburg akiwa na cherehani yake.

Vusi alifariki mwaka 2008. Kiwanda cha mapazia alichokuwa akishonea Hyasinta kilifungwa miaka miwili baadaye. Mwaka 2011 Hermoni ilimwajiri chumba cha kufulia, kwa mshahara wa randi elfu tatu na mia nane kwa mwezi. Akawa anafua mashuka ya mabweni na majoho ya kwaya, kisha jioni anarudi Bertrams, anakoishi na bintiye Tabia.

"Nilikuwa naongea na mashine tu," anasema. "Tabia naye namsemesha Kiswahili, ananijibu Kizulu. Eish, unazoea."

Mwaka 2015 akaja mhadhiri mpya wa theolojia, Joël Kasongo, mzaliwa wa Lubumbashi aliyesoma Marekani na kucheza mchezo huo huko. Alikuwa na masanduku ya vifaa vilivyotumika, msaada wa kanisa moja la huko.

Chuoni kulizuka ubishi. Wachungaji wawili walisimama kanisani kuuliza kuumizana kunahusiana vipi na Injili. Joël aliwajibu kwamba Yakobo alishikana mwereka hadi alfajiri, na bado Mungu akambariki. Wanafunzi wakacheka, chuo kikampa mwaka mmoja wa majaribio akiwa kocha.

Jezi zilipofikishwa kufuliwa, Hyasinta alishika vikinga mabega, akavigeuza geuza.

"Nikamuuliza, Mwalimu, hivi ni vya mchezo au vya vita? Akasema, Mama, tutajua tukicheza."

Walijua. Mechi ya kwanza walifungwa 54 kwa bila. Watazamaji walikuwa kumi na tisa, walinzi wa geti wakiwemo. Msimu mzima wa 2016 hawakushinda hata mara moja.

Lakini Hyasinta alikuwa ameona jambo. Vikinga vile vilikatwa kwa miili mikubwa, vijana wakikimbia vinapanda hadi masikioni. Akaenda Fordsburg kutafuta sponji nzito, na fundi viatu mmoja huko, Mzee Shehe, akamfundisha kutumia sindano nene ya kushonea soli. Alivifumua vikinga vyote, akavishona upya, kila kimoja kwa kipimo cha mvaaji.

"Kwa mara ya kwanza niliweza kuinua mikono yangu yote miwili," anakumbuka Parfait Bahati, mrusha mpira wa timu, mzaliwa wa Uvira aliyekulia Bertrams. "Kabla ya hapo nilikuwa narusha mpira kama mtu aliyefungwa kamba."

Mwaka 2017 Nyati walishinda mechi tano, wakaingia fainali dhidi ya timu ya Pretoria.

Mchana wa Ijumaa, siku moja kabla ya fainali, Hyasinta alikuwa akifuta helmeti alipohisi kitu kama unywele chini ya kidole. Alifuta tena, unywele haukutoka. Ulikuwa ufa, umeanzia kwenye skrubu. Akachukua nyingine. Kati ya helmeti thelathini na mbili, kumi na nne zilikuwa na nyufa, na sponji zake zilikuwa ngumu kama mkate wa juzi.

Alimwita kocha.

"Mama, tuko na fainali kesho," Joël alimwambia. "Hizi helmeti zilitufikisha mpaka huku. Siku moja tu, Mama."

"Mwalimu, kichwa nacho kinapasuka siku moja tu."

Jumamosi asubuhi stoo ilikuwa imefungwa, na Hyasinta amesimama mbele ya mlango. Mlezi wa wanafunzi alikuja, akamwambia yeye ni mfua nguo, si daktari wala mwamuzi, na kwamba Jumatatu anaweza kujikuta hana kazi.

"Nikamwambia, baba, nifukuze sasa hivi, uniandikie na barua kwamba wewe ndiye uliyewavalisha. Ukishaandika, ufunguo huu hapa."

Mlezi hakuandika. Nyati hawakutokea uwanjani, na Pretoria wakapewa ushindi wa mezani.

Parfait alikuwa amewaalika jamaa zake wote. Hakumsalimia Hyasinta kwa wiki kadhaa. "Nilipita mbele yake kama napita ukuta," anasema, na bado anainamisha kichwa akisema hivyo. "Mtu aliyenishonea kikinga kwa mikono yake."

Hyasinta anakiri kwamba jioni ile alilia nyumbani. "Nilijiuliza, na kama nimekosea? Nimewanyima watoto wa watu furaha yao kwa sababu ya unywele?"

Siku kumi baadaye Joël aliingia chumba cha kufulia. Alikuwa amempelekea mhadhiri wa uhandisi helmeti moja ili aipime. Waliidondoshea uzito unaolingana na bega la mchezaji anayekimbia.

"Nilikuwa nakunja mashuka," Hyasinta anasimulia. "Alisimama mbele yangu. Akasema, Mama, ilipasuka mara ya kwanza. Vipande viwili. Ilikuwa ya Parfait. Pardon, Mama. Akakaa chini sakafuni, mwalimu mzima, akalia."

Joël alirudia maneno hayo kanisani, mbele ya chuo kizima. Parfait ndiye aliyetangulia kusimama, akaenda hadi benchi la nyuma walikokaa wafanyakazi, akapiga magoti.

Uongozi ulizuia mchezo huo mwaka wote wa 2018, hadi vifaa vipya vipatikane. Wengi waliamini Nyati wamekwisha. Hyasinta hakuamini. Alikata mapazia makuukuu ya bweni kuwa tepe, akawafunga wachezaji kiunoni. Badala ya kumwangusha mwenzako, unamchomoa utepe. Mazoezi yakaendelea bila helmeti na bila kugongana.

Jambo ambalo hakulitarajia ni wasichana. Kwa kuwa hakuna kugongana, Falonne, mwanafunzi wa uhasibu, aliomba ajaribu, akawapita mbio wavulana watano mfululizo. Wiki iliyofuata walikuja wenzake tisa.

Wakati huo waliohitimu na makanisa yao walichangia helmeti mpya. Zilipofika, mapema mwaka 2019, chuo kilimhamishia Hyasinta idara ya michezo kuwa mtunza vifaa. Sharti moja aliliandika yeye mwenyewe: hakuna helmeti inayotoka bila saini yake, hata akiiomba mkuu wa chuo.

Saa tano kamili fainali inaanza, wapinzani ni wale wale wa Pretoria. Jukwaa limejaa. Zikibaki dakika mbili, Nyati wako nyuma 20 kwa 16. Parfait anarudi hatua nne, anarusha mpira mrefu, na mwenzake anaudaka akiwa ameshavuka mstari. Hizo ni pointi sita: Nyati wanashinda 22 kwa 20.

Wachezaji wanamtafuta Hyasinta ili wambebe. Wanamwinua, naye anakataa kata kata. "Nishusheni, mtanivunja! Mimi sina kikinga!"

Baadaye, kelele zikiwa zimepungua, anaulizwa sasa anataka nini. Hasiti. Wasichana wamefika ishirini na wawili, na wameliandikia baraza la chuo kuomba waachane na tepe, waanze kugongana kama wanaume mwaka 2021. Kuna waliopendekeza wapewe zile helmeti za wavulana zitakapochakaa.

Hyasinta ameshatembea na futi ya kushonea, amepima vichwa vyote ishirini na viwili, kuanzia cha Falonne, na vipimo amevipeleka barazani mwenyewe.

"Nimewaambia zitakuja mpya, kila binti na yake, na jina lake ndani," anasema. "Nguo ya kurithi nitaishona, itakaa vizuri. Helmeti ya kurithi, hapana. Wakikubali, wasichana watacheza. Wasipokubali, nitarudi mwezi unaofuata, na unaofuata. Mlango wa baraza sasa naujua."