Niliacha Katuni Ibebe Kosa Langu

Nimekosa. Nasema mapema ili msinisumbue kwa maswali. Lakini sikuja hapa kuwaomba nyinyi msamaha, kwa sababu niliyemkosea ni mtu mmoja tu. Huyo yuko hapa ndani kwangu, mtaa wa Chechelesi mjini Isiolo, ameketi kwenye kochi na mguu wake umenyooshwa juu ya stuli, anatazama katuni.

Ndiyo, katuni! Mamangu mzazi, mwanamke aliyetembea nyuma ya ngamia tangu apate meno, leo anatazama katuni kutoka chai ya asubuhi mpaka swala ya adhuhuri. Na mimi ndiye niliyemkalisha hapo.

Msitafute jina langu. Jueni tu kwamba mimi ni mama wa maziwa. Maziwa ya ngamia yanafika Isiolo kwa mitungi asubuhi na mapema, napokea, naonja, nachuja, napeleka kwa basi la Nairobi. Ukichelewa yamechacha na siku yako imekwisha. Mume wangu ni dereva wa lori, leo yuko Moyale, kesho yuko Mombasa. Msichana wetu ana miaka mitano, nitamwita Nuria ingawa si jina lake. Nikitoka kwenda kupokea maziwa, jirani anamchungulia dirishani, na TV ndiyo inamlea.

Sasa najua mmeshaanza! "Ni mama gani huyo anaacha mtoto na TV?" Ni mama anayeuza maziwa! Wewe unayeuliza, ulikuja lini kunishikia mtoto? Nyamaza basi nimalize.

Na tuseme ukweli, hiyo TV ilimfunza. Nuria alijua kuhesabu kabla hajaanza shule. Kiingereza kinamtoka kwa pua kama mzungu. Mwalimu aliniita akaniuliza, "Huyu mlimsomesha wapi?" Nikavimba kichwa wiki nzima.

Lakini ilimfunza na mengine. Kulikuwa na katuni moja aliyoipenda kupita zote, ya kangamia kadogo kenye viatu vyekundu. Kila kakilia, mtu anakakumbatia na machozi yanageuka maua. Basi Nuria akawa mtu wa kukumbatia. Paka wa jirani akamkwaruza, akamkumbatia tena. Mbuzi anapita barabarani na karatasi mdomoni, Nuria ameshamrukia shingoni, "Rafiki, usilie!" Majirani wanacheka, nami nacheka nao, nachukua video nawatumia watu.

Wueh! Mtoto wa muuza maziwa ya ngamia, na hajawahi kusimama karibu na ngamia! Ukimwuliza maziwa yanatoka wapi, anakuonyesha mtungi wa manjano.

Mamangu alikuwa kwake kijijini Biliqo na ngamia zake. Kila shule zikifungwa anatuma salamu kwa watu wa maziwa: "Mwambieni alete mtoto aone mifugo." Kila mara nina sababu. Kuna vumbi. Kuna joto. Mtoto ana kikohozi. Uongo mtupu! Nilikuwa naona aibu. Kule kwetu mtoto wa miaka mitatu anajua ngamia yupi anauma na yupi ana hasira, na anajua asimame wapi. Wangu alijua nyimbo za Kiingereza.

Likizo iliyopita sababu zikaniishia, tukaenda. Akko, ndivyo tunavyomwita bibi, alimshika Nuria uso kwa mikono miwili, akamnusa, akamwombea dua. Kisha akaniuliza mbele ya wanawake waliokuja kutusalimia, "Huyu wako anajua wanyama?"

Swali dogo tu. Lakini wale wanawake wote wakaniangalia, mimi na dera langu jipya na viatu vyangu vya mjini. Mmoja alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Nikasema, "Anajua, mama. Kwani mimi nilizaliwa wapi?"

Wallahi, hapo ndipo nilipokosa. Hapo hapo!

Mamangu akaamini, na kwa nini asiniamini? Kwetu mtoto asiyejua mifugo bibi yake anamfunga kwa ncha ya shuka, haachwi hata hatua mbili. Anayejua anaachwa acheze. Kesho yake asubuhi mamangu aligeuka kufukiza vyombo vya maziwa kwa moshi, akamwachia Nuria uwanja wote, kwa sababu mimi nilisema anajua.

Kulikuwa na ngamia jike aliyekuwa amezaa siku mbili kabla. Mtoto wake alikuwa anatetemeka juu ya ile miguu mirefu, analia. Nuria akasikia kilio. Akakimbia, mikono wazi, "Usilie, rafiki! Usilie!"

Mimi nilikuwa kando, nimeinua simu juu natafuta mtandao. Niliona yote, lakini miguu ilikataa. Ya mamangu haikukataa. Mzee wa miaka ile alitupa chombo chini, akakimbia, akamsukuma Nuria akaangukia vumbini. Teke la yule ngamia lililomlenga Nuria likampata yeye kwenye nyonga.

Nilisikia mfupa. Hapo sitaki kuongeza neno.

Tulimleta hospitali mjini, akawekewa chuma. Daktari akasema atatembea, lakini kwa fremu ya kushikilia, na si kwenye mawe ya Biliqo. Ngamia zake wakachukuliwa na watoto wa ndugu zake. Watu walitaka yule aliyepiga teke auzwe nyama, mamangu akakataa kabisa. "Amekosa nini?" akasema. "Alikuwa anakinga mtoto wake. Hata mimi nilikuwa nakinga wangu."

Sasa sikieni nilichofanya baada ya hapo, maana ni kibaya kuliko cha kwanza.

Ukoo ulikutana pale uani hospitalini. Kakangu mkubwa akasimama, kidole juu. "Ni hizo katuni! Mtoto ameharibiwa akili na TV! Anafikiri ngamia ni mwanasesere!" Kila mtu akaitikia katuni, katuni. Na mimi nikaitikia kwa kichwa. "Ndiyo," nikasema, "ni katuni." Haya! Katuni haina mdomo wa kujitetea, nikaitwika mzigo wangu wote, nikarudi nyumbani mwepesi. Watu wakanihurumia hata! Wakaniletea sukari na majani ya chai.

Mamangu alipotoka hospitali nikamleta kwangu. Wiki ya pili kakangu akaingia, salamu hata hakumaliza, akaenda moja kwa moja kwa TV akaanza kung'oa waya.

"Unafanya nini?"

"Naitoa. Imeshavunja mtu mmoja, unangoja ivunje wa pili? Samaki mkunje angali mbichi!"

"Sisi watu wa ngamia, samaki umemjulia wapi? Weka chini!"

"Siweki! Wewe ndiye ulikubali mbele ya watu kwamba ni katuni."

Nuria alikuwa amejikunyata miguuni pa akko wake. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye mbaya. Mimi na katuni yangu."

Hapo ndipo nikapasuka. Haki ya Mungu, sikupanga! Nilimnyang'anya kakangu ile TV mpaka waya ukamchapa mkono.

"Wacha!" nikapiga kelele. "TV haikumdanganya mama! TV haikusema Nuria anajua wanyama. Ni mimi nilisema! Mama aliniuliza, nikamwambia anajua, na nilijua hajui hata mmoja! Ukitaka kutoa kitu kwa hii nyumba, nitoe mimi!"

Kakangu akakaa chini bila kukaribishwa. Mimi nimesimama na TV kifuani, siwezi kumwangalia mamangu.

Mwishowe mamangu akasema, "Hakuwa anajua?"

"Hakuwa anajua, mama."

"Kwa nini hukusema?"

"Wale wanawake wangenicheka."

Akasogeza mguu wake kidogo kwa mikono yote miwili, maana hausogei wenyewe.

"Wangekucheka," akasema. "Hata mimi ningekucheka. Tungekucheka mpaka jioni. Halafu ningemfunga mtoto kwa shuka langu, na basi."

Hakunipigia kelele, hakulia. Afadhali angenipiga! Nililia mimi, mbele ya kakangu na mbele ya mtoto, na aibu niliyoikimbia Biliqo nikaila yote hapo sakafuni.

Haya. TV iko pale pale. Kakangu hasemi na mimi, na asiseme! Kazi yangu ya maziwa siachi, na mtoto wangu ataangalia katuni, mpende msipende. Lakini haangalii peke yake tena. Anaketi na akko wake, anamtafsiria maneno kwa Kiborana kinachokwama kwama, na kila mnyama akitokea anauliza, "Akko, huyu ni kweli?" Simba anayecheza ngoma, akko anasema mwongo. Punda anayekataa kusimama, akko anasema huyo ni kweli kabisa. Majuzi kale kangamia ka viatu vyekundu kakaanza kulia, Nuria akaruka mbele ya TV na kumkemea yule anayekuja kukumbatia: "Wewe! Ngoja kwanza! Mama yake yuko wapi?"

Akko alicheka mpaka akashika nyonga.

Sasa nyinyi akina mama wenzangu, wa Isiolo na wa kwingine kote, msinisome mkakimbilia kuzima TV halafu mkajiona mmeshalea. Mficha maradhi kifo humuumbua. Katuni itamwambia mtoto wako kwamba ngamia anavaa viatu, na hiyo ni kazi yake. Kazi yako wewe ni kumpeleka akamwone ngamia. Na kama hujampeleka, ukiulizwa sema hujampeleka! Sema hajui! Acha wakucheke!

Mimi nilikataa kuchekwa mpaka jioni. Sasa kila jioni mamangu anageukia upande wa Biliqo pale kwenye kochi, na ananiuliza ni nani anayemkamulia ngamia zake.