Jina la Ayşe na Dele la Kahawa

Ipo siku moja ya Nizwa, mwanangu, ambayo naikumbuka kila nikisikia neno kompyuta. Jana ulinieleza, huku ukicheka, kwamba hoteli yenu kule Jabal Akhdar imejaa wageni wa Kituruki, na kwamba majina yao yanakusumbua, kwa hiyo herufi zenye mikia na nukta za ajabu unazifuta tu ili kazi iende. Sikucheka nawe. Ulidhani nimechoka. Hebu kaa nikwambie.

Nilikuwa kijana, nimemaliza kusoma, nafanya kazi mjini Nizwa katika duka la kuchapa la ami yangu, Ami Nasor. Tulichapa kadi za harusi na mabango ya maduka. Ami alizaliwa Unguja mjini, akaja Oman akiwa mtu mzima, na kwa kushika mila za hapa hakuna aliyemshinda. Mtu akiingia dukani haulizwi shida yake. Kwanza tende, kisha kahawa, kisha anaulizwa kwa taratibu, "Shay khabar? Shay ulum?", yaani kuna khabari gani, kuna jipya gani. Na jawabu, unajua mwenyewe, ni lile lile moja: hakuna khabari, hata kama nyumba yake inaungua. Husema hivyo kwanza, halafu ndipo mzigo wake hutoka polepole. Mimi niliona ni kupoteza wakati. Mwacha mila ni mtumwa, Ami akinijibu, na mjadala umekwisha.

Siku hiyo akaingia Osman, fundi Mturuki aliyekuwa akitia nakshi za chokaa katika msikiti mpya jirani yetu. Kiarabu chake kilikuwa maneno machache. Mkononi ana disketi, kile kibamba cha plastiki tulichohifadhia maandishi zamani. Ofisini kwao walikuwa wamemwandikia jina humo. Kwa ishara tukafahamu kwamba anataka karatasi za kubandika zenye jina hilo. Dele, birika letu la kahawa, lilikuwa pale mezani, limefunikwa kitambaa. Ami hakulifunua. Kazi zilikuwa nyingi, na nadhani alijiambia kwamba khabari na ulumu ni mambo ya wenyewe kwa wenyewe.

Nikafungua disketi, na kwenye kioo pakatokea "Aye Ik". Fundi akatikisa kichwa, akatwaa kalamu akaandika: Ayşe Işık. S yenye kijimkia chini, na i isiyo na nukta juu. Kompyuta za siku zile, mwanangu, hazikujua herufi, zilijua nambari, na kila lugha ilikuwa na jedwali lake la kusema nambari hii ni herufi gani. Nambari zenyewe chache, hazikutosha dunia nzima. Basi nambari ile ile Waturuki waliipa s yao ya mkia, na jedwali la Kiarabu la mashine yetu likaipa alama isiyoonekana, ya kuongoza maandishi yaelekee upande gani; na nambari ya ile i yao vivyo hivyo. Ndiyo maana herufi za yule bwana hazikuharibika. Zilitoweka kabisa.

Akaweka kidole juu ya kioo, pale herufi zilipokosekana. Ami, macho kwenye kazi nyingine, akasema tuchape hivyo hivyo, kwani nani hapa anasoma Kituruki. Katika Kiarabu chote cha siku ile, nadhani hayo ndiyo maneno fundi aliyoyafahamu vizuri kuliko yote. Akatoka, na disketi akaiacha.

Ami aliporudi kutoka kusali alasiri hakuwa mtu yule yule. Msikitini wamemwambia kwamba Ayşe ni binti wa fundi. Amefariki kwao, na amezikwa kabla baba yake hajapata safari. Zile karatasi ni za kubandika kwenye juzuu za Kurani atakazoziweka msikitini, sadaka ya mwanawe.

Ami akanisimulia jambo ambalo hata mkewe hakupata kulisikia. Alipofika Oman mara ya kwanza alikwenda kijiji cha wazee wetu, karibu na Ibra, akaketi katika sabla, baraza la wanaume wa kijiji. Kahawa ikapita, watu wakaulizwa khabari mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika wakamruka, maana hakujua Kiarabu, ana Kiswahili chake tu.

"Nimekaa pale na mauti ya babu yako kifuani," akasema. "Nimewaletea khabari ya ndugu yao, na hapana aliyeniuliza. Leo miye nimemfanyia mwenzangu yale yale."

Wazee walisema usisahau ubaharia kwa unahodha. Nilikuwa nikilisikia neno hilo tangu utotoni. Siku ile nilimwona mtu likimchoma.

Akachukua dele na tende, nami nikabeba vikombe, tukaenda msikitini. Fundi alikuwa juu ya mbao zake anafanya kazi, na msiba huo wote juu yake. Ami akaketi chini kwenye vumbi la chokaa, na dishidasha yake, ile kanzu nyeupe, akamngoja ashuke. Akammiminia, akamwacha anywe. Ndipo akamuuliza kwa heshima ile ile anayoulizwa kwayo shekhe wa kabila: "Shay khabar? Shay ulum?"

Fundi hakuijua desturi. Hakujua kwamba mtu hujibu hakuna. Akasema, "Ayşe," akaanza kulia, kikombe mkononi.

Ami akalirudia lile jina. Akakosea, akasahihishwa, akalirudia tena mpaka likakaa sawa mdomoni mwake. Sijapata kumpenda mzee yule kama nilivyompenda siku ile.

Mimi nikarudi dukani. Kwenye disketi nambari zilikuwamo zote, hakuna iliyopotea. Mashine yetu ndiyo iliyokuwa ikizisoma kwa jedwali lake yenyewe. Nikahangaika kutia jedwali la Kituruki mpaka magharibi, na jina likatokea zima. Juzuu zile zimo msikitini hadi leo. Nikipita Nizwa huingia nikafungua mojawapo.

Siku hizi majedwali yale hayana kazi tena. Kila herufi ya kila taifa ina nambari yake peke yake, na ile i isiyo na nukta ina kiti chake kama alifu yetu. Mashine imejifunza, mwanangu. Kwa hiyo ya hoteli yenu ikikataa jina la mtu, mwambie mkubwa wako itengenezwe, usiniambie ndivyo kompyuta zilivyo. Na kabla ya jina, kabla ya pasipoti na ufunguo wa chumba, mpe mgeni kahawa, muulize khabari, kisha ungoje kweli jawabu lake. Wengi watakwambia hakuna. Waulize vivyo hivyo, maana hujui nani amekaa mbele yako na mauti kifuani.

Mola akuondolee haraka yako mbele ya mwenye msiba. Akuhifadhie jina lako na majina ya uwapendao. Na siku utakapoketi ugenini wewe, una jambo lako moyoni na huna lugha ya kulisema, kahawa isikuruke, mwanangu, na asikose wa kukuuliza.