Swali la Dini Kwenye Fomu

Wiki iliyopita, kwenye mapokezi ya hospitali moja ya Karagwe, nilikuwa nyuma ya mzee kutoka Nyakakika aliyekuja kulazwa. Tangu asubuhi alikuwa amegoma kutia dole gumba kwenye fomu ya kukubali kupasuliwa tumbo. Muuguzi, binti mgeni kutoka pwani, akaamua kumalizia kwanza maswali mengine.

"Dini, babu?"

"Mlutheri."

Akaandika. Mzee akavua kofia, akaiweka magotini, akafumba macho.

"Babu, bado maswali."

"Si umeuliza dini, mwanangu? Nilidhani tunaomba."

Binti akaweka kalamu chini. "Mimi ni Mwislamu, babu."

"Anayepasuliwa ni mimi. Wewe itikia amina tu."

Mzee akaomba kwa Kinyambo. Binti hakuelewa hata neno moja, lakini kila mara mzee aliponyamaza kuvuta pumzi, aliitikia. Walipomaliza, mzee akanyoosha dole gumba mwenyewe.

Mimi swali hilo nimeulizwa hospitalini miaka yote, na sijawahi kudhani kuna anayetaka kujua.

Ikafika zamu yangu. "Dini?" Nikajibu. Akaandika, kisha akanitazama, akasubiri.

Nami nilikuwa nimekwenda kung'oa jino tu.