Mchumba Aliyezama Ukurasa wa Mia na Arobaini

Riwaya yangu niliiandika kwa miaka minne, nikiwa mwalimu wa Historia katika sekondari moja ya Kibiti. Niliiandika kwenye madaftari ya mazoezi, mchana baada ya vipindi, na waliodhani nasahihisha sikuwakatalia.

Ilikuwa hadithi ya mapenzi ya karne ya kumi na nne, zama ambazo miji ya mawe ya pwani yetu ilikuwa na masultani wake, na boriti za mikoko ya Rufiji zilivushwa bahari kwenda kujengea dari za majumba ya Arabuni. Binti wa mwenye mji anampenda kijana mkata boriti. Kijana anajua kusema maneno mazuri na hana jingine analolifanya, ingawa hilo mimi sikuliona, niliambiwa baadaye. Baba anataka binti aolewe na mfanyabiashara wa mchele, mtu mzima, mtaratibu, aliyetuma washenga mara mbili. Ukurasa wa mia na arobaini mfanyabiashara anapanda mashua, mashua inazama, na wapenzi wanaoana. Baada ya hapo kuna kurasa themanini za furaha.

Nilitoa nakala thelathini kwenye steshenari ya karibu na stendi. Fundi wa pale ndiye aliyekuwa msomaji wangu wa kwanza, kwa sababu mashine yake ilikuwa inakwama kila baada ya kurasa kumi na hakuwa na la kufanya. Alisema kitabu kina mambo. Nikamuuliza mambo gani. Akasema mambo mengi, ila maandishi madogo.

Maoni mengine yalifuata taratibu. Mwalimu mwenzangu wa Kemia alinishukuru, akasema kimemsaidia kupata usingizi, na alisema kwa nia njema, maana usingizi ulikuwa umemkimbia tangu mwaka uliopita. Ustadhi wa madrasa ya mtaani kwetu alinisimamisha njiani akaniambia kwamba ukurasa wa thelathini na mbili wale vijana wamekaa kisimani wawili peke yao, hakuna wa tatu.

"Ustadhi, ile ni hadithi," nikamwambia.

"Najua ni hadithi," akasema. "Ndiyo maana ni rahisi kuongeza mtu."

Nyumbani nilikuwa na wasomaji wawili. Mume wangu ana mashine ya kukoboa mpunga kandokando ya barabara kuu. Alichukua nakala moja akaenda nayo kazini, akawa anasoma kati ya gunia na gunia, na jioni kitabu kilirudi kimejaa vumbi la pumba. Nikimuuliza amefika wapi, ananitajia namba ya ukurasa. Zaidi ya hapo hasemi. Ndivyo alivyo. Tumeishi miaka kumi na sita na sijamsikia akisifu chakula, husema kimeiva.

Msomaji wa pili alikuwa mama yake, anayeishi nasi tangu alipofiwa na mumewe huko Kiongoroni, kwenye delta ya Rufiji. Macho yake hayawezi maandishi, kwa hiyo nilimsomea mimi, alasiri, yeye akisuka ukili wa mikeka. Msikilizaji mzuri, ila hasahau kitu. Siku ya pili alinikatiza.

"Huyu binti anakula saa ngapi?"

Nikarudi nyuma kutazama. Kurasa arobaini zilikuwa zimepita na hakuna mtu aliyekula.

"Na huyu kijana, ametuma nani kwao?"

"Bado, mama."

"Ukurasa wa ngapi sasa?"

"Arobaini na tatu."

"Haya, soma."

Ukurasa wa sitini anaingia mfanyabiashara wa mchele. Nikasoma jinsi alivyokaribishwa na mwenye mji, na jinsi alivyokohoa mara mbili kabla ya kusema, kama mtu anayebisha hodi. Nikasoma kwamba alipopewa kiti alikikagua miguu kwanza ndipo akakaa, na kwamba akiwa anafikiri alisugua vidole kwa dole gumba, kama anayepima mpunga umekauka kiasi gani. Mikono ya mama mkwe ikasimama.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Huyu ni mwanangu," akasema.

"Mama, huyu ni mtu wa zamani sana."

"Mwanangu hata kwenye msiba anakagua miguu ya kiti."

Nilikataa, na nilikataa kwa moyo safi, kwa sababu hadi dakika ile nilikuwa sijui. Nilitafuta mchumba ambaye binti anaweza kumkataa na msomaji asimlaumu, na mkono ukaandika kile ambacho jicho linakiona kila siku. Kisha nikakumbuka ukurasa wa mia na arobaini. Nikamwambia mama mkwe kwamba macho yamechoka, tutaendelea kesho. Kesho yake nikasema nina mitihani ya kusahihisha. Siku ya tatu hakuuliza tena, akaendelea kusuka, na mimi nikajua anajua.

Niseme hapa yale ambayo msomaji huenda ameshayakisia. Nilipokuwa chuoni alikuwepo mtu aliyejua kusema. Aliniahidi mengi kwa maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka yalivyopangwa, halafu akahamia mkoa mwingine na simu yake ikawa haipatikani. Mume wangu yeye alituma washenga, wazee wawili, na baba yangu akawajibu kwamba bado nasoma. Baada ya miaka miwili wakaja wazee walewale wawili, wakasema maneno yaleyale. Nilikubali kwa sababu sikuwa na sababu ya kukataa. Sidhani kama hilo ni jambo baya. Ila nilipoketi kuandika mapenzi sikuyatafuta kwangu. Niliyatafuta karne ya kumi na nne.

Likizo ya Juni nikapigiwa simu kutoka Salale, huko delta. Aliyepiga ni mama mmoja mfanyabiashara wa kamba wakavu, ambaye huja Kibiti na mzigo wake na alikuwa amechukua nakala kwangu. Kule alikuwa amewasomea wenzake mpaka mwisho wakati wakichambua kamba.

"Mwalimu, wenzangu wanakuhitaji," akasema.

"Kuna tatizo?"

"Hamna tatizo. Ni maswali tu."

Nikaenda kwa boti, tukipita kwenye mito ya mikoko, na begani nina mkoba wenye nakala tano nilizodhani zitagombewa. Nilikuta wanawake kama kumi wamekaa kwenye turubai, kamba wakavu wamemwagwa katikati yao. Nikawaamkia wakubwa, nikapewa kigoda na chai. Kisha wakaanza, bila kuacha kuchambua.

Wa kwanza kuuliza alikuwa mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji. Alitaka kujua yule kijana alikata boriti kwa kibali cha nani. Nikamweleza kwamba zama zile hapakuwa na vibali. Akasema alidhani hivyo, na kwamba ndiyo maana baadhi ya mito imebaki bila mikoko.

Kisha akasema bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale. "Yule wa mchele kosa lake nini?"

"Hana kosa, bibi. Binti hakumpenda."

"Alishakaa naye?"

"Hapana."

"Sasa alijuaje?"

Nikanywa chai. Nilikuwa na jibu la kueleza kwamba mapenzi hayapimwi namna hiyo, lakini pale kwenye turubai, kati ya wanawake ambao wengi wao walikwishapima, jibu hilo halikuwa na pa kukaa.

Mwenyeji wangu akafungua kitabu pale alipokunja ukurasa. "Mwalimu, swali letu kubwa ni hili la mashua. Umeandika kwamba aliondoka maji yakiwa yanakupwa, akafika mlango wa mto, mashua ikaingia maji, akazama."

"Ndiyo."

"Mlango ule uliousema, maji yakipwa ni ya magoti. Angezama vipi? Angesimama tu."

Wengine wakaitikia kwamba angesimama tu. Mmoja akasema angeshuka akaisukuma mashua.

"Tumebishana siku mbili," akaendelea mwenyeji wangu. "Tumeona hakufa kwa maji. Umemuua wewe."

Nikawaeleza kwamba hadithi ilihitaji aondoke, ili wale wawili waoane.

"Ndicho tunachosema," akajibu bibi.

Hawakuwa na hasira. Walinipa kamba wa kwenda nao nyumbani, na zile nakala tano nikarudi nazo zote, maana walisema moja inawatosha. Njia nzima nilitazama kina cha maji. Kwa muda mwingi kilikuwa cha magoti.

Nilifika nyumbani kabla ya magharibi. Mume wangu alikuwa ameketi barazani, kitabu mapajani kimefungwa. Nikavua viatu, nikamuuliza habari za mchana. Akasema nzuri. Kisha akakohoa mara mbili, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nikakisikia kikohozi kile.

"Nimemaliza," akasema.

"Umeonaje?"

"Ile mashua. Mtu kama yule hawezi kupanda mashua ambayo nyufa zake hazijazibwa kwa kalafati. Mtu anakagua mpaka miguu ya kiti."

Nikakaa chini. "Ulijua tangu lini?"

"Mama aliniambia alipofika ukurasa wa sitini. Nikasema ngoja nione anafika wapi."

"Uliumia?"

Akasugua vidole kwa dole gumba. Alikuwa anatafuta jibu la kweli, na huwa halimjii haraka.

"Nilipoona amezama, nilizima mashine," akasema. "Wateja wakadhani umeme umekatika. Nikakaa kidogo. Kisha nikaendelea kusoma, nione kama kuna mtu atakwenda kumtafuta."

Nikakitazama kitabu mapajani mwake.

"Kurasa themanini," akasema. "Hakwenda mtu."

Nimefundisha Historia miaka mingi na nimewahi kusimulia darasani vifo vya watu wengi sana bila sauti kutetemeka. Pale barazani nilishindwa kusema hata pole. Nikamwambia tu kwamba sikumwandika kwa kukusudia.

"Najua," akasema. "Ungekusudia usingenipata vile."

Kisha akauliza kuhusu mkata boriti, kama naye ni mtu. Nikamwambia alikuwepo mtu, zamani, chuoni. Akauliza kama alikuwa anazungumza vile. Nikasema ndiyo, alikuwa anazungumza vile.

"Ni maneno mazuri," akasema. "Mengine nimeyawekea alama."

Akanipa kitabu. Nikakifungua, na kweli, kwenye kurasa za yule kijana kulikuwa na mistari ya kalamu ya risasi, ile anayoandikia majina kwenye magunia. Alikuwa ameyapigia mstari maneno kumi au kumi na mawili, kwa uangalifu, kama mwanafunzi anayejiandaa na mtihani. Niliingia ndani nikaosha wale kamba wa Salale, nikakaa nao jikoni muda mrefu kuliko kamba wanavyohitaji.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa na mashine ilifungwa. Baada ya swala nilimwambia nataka kukitoa upya kitabu, na kwamba mfanyabiashara hatakufa. Akasema hiyo ni kazi yangu. Nikamwambia yeye ndiye aliyekulia delta, mimi nimezaliwa huku kwenye lami. Anisaidie kumtoa mtu kwenye maji. Akachukua karatasi ya mtihani wa kidato cha pili, akaigeuza, akachora mto, mlango wake na bahari. Akanieleza kwamba upepo ukimkuta pale atasogea na maji yanayojaa, ataingia mto wa kushoto, na atatokea kwa watu wa upande wa Kiongoroni ambao hawatamwacha nje. Alieleza kwa muda wa nusu saa. Ulikuwa usemi wake mrefu kuliko wote niliowahi kuusikia, na ulikuwa mzuri, nikawa naandika mbio.

"Akifika huko anafanya nini?" nikamuuliza.

"Anakaa. Kuna mpunga huko."

"Haoi?"

Akafikiri. "Anaoa."

"Mtu gani?"

"Mtu wa kule," akasema. "Asiyeandika."

Nikamtazama nione kama anatania. Uso wake ulikuwa uleule anaosomea mizani. Nikaandika kama alivyosema. Kisha nikayafuta yale maneno ya bure ya mkata boriti, nikabakiza yenye alama, na shangazi mmoja nikamweka kisimani ukurasa wa thelathini na mbili, maana ustadhi alikuwa na haki.

Toleo la pili lilikuwa nakala ishirini. Kutoka Salale nililetewa salamu kwamba sasa maji yamekaa sawa, ila kijana bado hana kibali. Mwalimu wa Kemia alisema kimerefuka.

Mama mkwe nilimsomea upya kuanzia mwanzo, na safari hii mume wangu alileta kiti chake akakaa karibu na mlango akisikiliza, huku akijifanya anatengeneza mkanda wa mashine. Tulipofika kwenye harusi ya mfanyabiashara, mama mkwe akaweka ukili chini.

"Huyu mke wake mpya simpendi," akasema.

"Kwa nini, mama? Hana neno, mpole."

"Kimya mno. Mwanangu atakaa na nani nyumba nzima? Wawili wote hawasemi."

"Mama," mume wangu akasema, "kitabu kimeshachapwa."

"Basi atoe kingine," akajibu mama yake, akaokota ukili wake. "Kazi yake si hiyo?"