Kengele Yenye Vishimo

Wiki iliyopita nilirudi Mwamkulu, kwenye kanisa letu la zamani. Kengele bado ni lile bamba nene la chuma, limejaa vishimo. Nilipoligusa, harufu ya uyoga mbichi ilinijia puani.

Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, tulikuwa porini, mimi na bibi yangu, tukichuma uyoga baada ya mvua. Ghafla kengele ililia karibu yetu, ngaaa, halafu mlio wa bunduki ukafuata kutoka mbali. Hapakuwa na mtu. Siku hizo kengele ya kanisa letu ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyogongwa kwa nondo, kwa hiyo niliamini mle kichakani kulikuwa na ibada ya watu wasioonekana. Nikaanza kuwafuata. Kengele ikalia tena. Majani mabichi yaliniangukia kichwani, yamekatwa.

"Lala chini, we mtoto!" Bibi alinivuta, akapiga kelele mpaka milio ikakoma.

Askari wa wanyamapori alikuja mbio. Nyuma ya kichaka lilining'inia bamba la chuma ambalo yeye na wenzake walikuwa wakijifunzia shabaha.

"Limechakaa hili, mama," alisema. "Likishapata vishimo linarusha vipande vya risasi ovyo. Tulitakiwa kulitoa."

"Basi litoeni sasa hivi. Nyie mkibaki nalo mtaua mtu. Nitalipeleka kanisani liwe kengele," Bibi alimwambia.

Leo najua kwamba risasi huutangulia mlio wake. Hata hivyo, Jumapili ya wiki hiyo niliyorudi, bamba lilipogongwa, waumini wote waliingia ndani. Mimi nilibaki mlangoni, nimeinamisha kichwa, nikisubiri mlio wa pili, ule wa bunduki.