Niliposimama Barabarani Siku ya Uhuru

Sikukuu ya Uhuru wa Uganda ilinikuta Koboko, mji wa mpakani, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Mimi nilizaliwa Kongo, na asubuhi hiyo nilitaka jambo moja tu: nisijulikane kuwa mgeni. Nilipita kando ya uwanja, mtoto mgongoni, beseni la mihogo kichwani. Mara bendera ikaanza kupanda, taratibu kama moshi wa asubuhi isiyo na upepo.

Kwetu bendera ikipanda, hata mpita njia husimama. Miguu yangu ikasimama yenyewe, katikati ya barabara. Pikipiki zikanizunguka.

“Mama mtoto, iko nyoka mbele?” akauliza muuza nyanya.

“Hapana, mama. Bendera inapanda. Kwetu mutu anasimama.”

“Hata kama hii si yenu?”

Nikaendelea kusimama, ndege aliyechorwa katikati ya bendera akielea juu yetu. Muuza nyanya akanitazama, akafuta mikono kwa kitenge, akaja kusimama kando yangu.

“Basi tusimame,” akasema. “Lakini hii bendera iko polepole sana.”

Kujificha kulinishinda, wasomaji. Sasa soko zima linajua mimi ni Mkongo, na yule mama huniwekea nyanya zangu kando kabla sijafika.