Maradhi Mawili Aliyokatazwa Mwantumu

Dada yangu Mwantumu binti Muhidini alikuwa na ulimi mbaya, nami nilimpenda kwa ulimi huo kuliko kwa jambo jingine lolote. Wengine pale kwetu Mtunda watakwambia alikuwa fundi wa mikeka, na kweli alikuwa. Ukindu aliutia rangi mwenyewe, na mshono wake huuoni hata ukiuinamia. Lakini mikeka inasukwa na wengi. Kumdharau mtu kwa maneno machache, akaondoka hajui kama amesifiwa au ametukanwa, hilo sijaliona kwa mwingine. Jumbe wetu alipopewa kofia mpya na Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, akawa anapita nayo nyumba hadi nyumba ili aonekane, Mwantumu aliitazama vizuri akamwambia, "Kofia nzuri, jumbe. Sasa bado kichwa." Jumbe akashukuru.

Maradhi yalimwanzia bondeni, katika miaka ya mwisho ya Mwingereza. Tulikuwa juu ya dungu, ulingo wa miti, tukiamia ndege wasitumalizie mpunga. Jua lilipopanda, mguu wake wa kulia ukamkataa na jicho moja likaingia ukungu, akashuka ngazi ya dungu kwa makalio. Jioni ubaridi uliporudi, alikuwa anatembea. Akakaa mzima majuma kadhaa, kisha vidole vikafa ganzi na kusuka ukili wa mikeka kukamshinda. Kisha akapata nafuu. Kisha akaanguka tena, safari hii akasema kiuno kimebanwa na mshipi asiouona. Watu wa kwetu wanajua homa, wanajua matende, wanajua ukoma. Ugonjwa unaokuja na kuaga na kurudi tena hawaujui, na kila wasichokijua wamekipa jina moja tu. Wanakiita jini.

Mumewe, Sadala, hata kwenye jini hakufika. Huyo alikuwa mkata mikoko huko deltani. Alikuwa akipotelea visiwani akikata boriti, kisha anarudi ananuka matope na kutaka kuandaliwa chakula. "Shemeji," aliniambia, "mtu gani jana mzima leo mgonjwa? Dada yako mvivu." Aliyasema hayo amelala chali, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtwangia mpunga.

Mama yake Sadala, Bi Mwanamkuu, ndiye aliyemleta Fundi Abdala. Fundi Abdala alikuwa mganga mwenye dawa moja kwa kila kitu, nayo ni nyungu. Unachemsha chungu cha majani mpaka kitokote, unamwinamisha mgonjwa juu yake, unamfunika mablanketi gubigubi, na unamwacha avute mvuke mpaka jasho limwishe. Mwenye mafua hutoka hapo amechangamka. Mwantumu alitoka miguu yote miwili imekufa na macho hayaoni mlango uko wapi. Tukambeba. Fundi Abdala akafurahi mno.

"Mnaliona?" akasema. "Limepanda. Limeunguzwa na majani yangu, likakamata miguu."

Nilimwambia kwamba joto ndilo linalomuua miguu, hata kule kwenye dungu ilikuwa hivyohivyo, na kwamba mimi nikimmwagia maji ya mtungini anasimama. Akaniuliza kama nimesomea uganga. Bi Mwanamkuu akaniuliza kama si mimi niliyeachika mara mbili. Kwa hiyo nyungu ikaendelea. Kila alipofukizwa miguu ikafa, na kila ilipokufa wakapata ushahidi zaidi kwamba jini lipo na dawa inaliwasha. Hebu niambie wewe utawatoaje hapo. Likaulizwa linataka nini. Likataka halua, marashi na kanga nyekundu, na halua ikaliwa na Fundi Abdala, maana jini, alisema, halina meno.

Lakini habari yenyewe si miguu. Siku moja nilimletea uji, nikampa na umbea wa jumbe, kwamba ile kofia imeliwa na panya. Ilikuwa zawadi hiyo, nimeibeba tangu barazani. Mwantumu hakucheka. Akanitazama akasema, "Maskini." Nikaogopa kuliko nilivyoogopa miguu ilipokufa. Tangu siku ile hakumsema mtu. Alilala ameelekea ukutani. Chakula alikula ukimlisha, machozi yalimtoka bila kilio, na mtu akimwuliza hali alijibu "njema," akiona hiyo ndiyo njia fupi ya kumwondoa. Fundi alipomwuliza jini jina lake, akajibu jina lolote alilotajiwa, ili blanketi liondolewe. Mie peke yangu aliniambia kweli. "Tabu mdogo wangu, miguu nishaisamehe. Ikae huko ilikokwenda. Nimepotelewa na moyo, na moyo usiporudi mie sitaki kuendelea."

Nikampakia kwenye lori la Kibiti, na huko tukapata jingine mpaka hospitali ya Serikali. Sadala alikuja nasi kwa sababu daktari hazungumzi na wanawake peke yao.

Daktari wa kwanza alikuwa Mzungu mnene, aliyejifunza Kiswahili kwa mpishi wake. Alimwuliza Sadala yote, na Sadala hakujua lolote, wakaelewana vizuri sana. Niliposema mimi habari ya jicho, ya ganzi, ya mshipi wa kiunoni, akatikisa kichwa. "Gonjwa kama hiyo iko," akasema, "lakini ya nchi ya baridi. Mtu ya huku hapana pata." Nikamwambia basi na moyo wake umekufa, hali chakula, hasemi, anataka kufa. Akacheka kwa huruma. "Sikitiko ya kichwa iko ya watu nafikiri mingi. Mtu ya huku hapana pata."

Hivyo dada yangu akawa na maradhi mawili aliyokatazwa. Moja limehifadhiwa kwa wanaokaa kwenye baridi, jingine kwa wanaofikiri. Mwantumu angekuwa mzima, bwana yule angepewa jibu la kumtosha mpaka Ulaya. Alitazama sakafu.

Hata hivyo tulipewa chupa, maana Serikali haimrudishi mtu mikono mitupu. Ilikuwa dawa ya maji, chungu, ya kumtuliza. Ikamtuliza. Alishinda amelala mdomo wazi, udenda ukimtoka, na akiamshwa hajui ni asubuhi au ni alasiri. Bi Mwanamkuu aliisifu sana dawa ile. Alisema nyumba imepoa. Watu hao mgonjwa wao akinyamaza huhesabu amepona.

Niliimwaga, nikamrudisha hospitali. Tukapewa vidonge vya kumwamsha, navyo vikawa kinyume chake. Macho yakamtoka, moyo ukaenda mbio, akasema hovyo, akasuka ukili usiku na mchana kwa vidole visivyosikia, nao ukaenda upande mpaka sikuweza kuutazama. Sadala akasema amepona, sasa apike. Kidonge kilipomwishia nguvu alianguka chini zaidi ya pale tulipomtoa. Siku hiyo aliniomba nimtafutie sanda, kwa sauti ileile ya kuomba maji. Nikavitupa vidonge chooni.

Mara ya tatu yule mnene alikuwa amekwenda likizo kwao. Mahali pake tulimkuta kijana mwenye chunusi, shati limemtoka kwenye suruali, nikasema basi tumekwisha. Huyu alimtoa Sadala nje. Akamgonga Mwantumu magoti kwa kinyundo, akamchoma nyayo kwa sindano akimwuliza yeye mwenyewe anasikia wapi, akamulika macho, akaniuliza na mimi habari za jua na maji. Kisha akasema maradhi ya mishipa ya fahamu anayo, yawe ya baridi au yasiwe, na miguu haina dawa hapa wala kwao. Na moyo nao ni mgonjwa kweli. Alikuwa na vidonge vipya vilivyotoka Ulaya hivi karibuni.

"Vitamponya?" nikamwuliza.

"Moyo, labda. Sijui," akasema. "Mdomo utakauka, mikono itatetemeka kidogo. Atavimeza majuma mengi bila kuona nafuu. Asiache."

Nimeishi na wanaume wengi waliojua mambo, wawili kati yao nikaolewa nao. Huyo ndiye wa kwanza niliyemsikia akisema hajui. Sikumpenda, chunusi zake zilinitia kichefuchefu, lakini vidonge nilivifunga kwenye pindo la kanga yangu mwenyewe, nikamlisha kwa mkono wangu.

Majuma yakapita. Mdomo ukakauka kama alivyosema, mikono ikatetemeka, na moyo ukakaa palepale. Nilikaribia kukata tamaa, sitaficha. Kitu pekee nilichokiona ni kwamba siku moja aliomba chumvi kwenye uji, na nilijizuia nisifurahi kwa chumvi. Fundi Abdala naye akaona kinywa kikavu. Akatangaza kwamba jini limehama miguuni, sasa linakausha mate, na kwamba vidonge vya Mzungu havifunguki tumboni mpaka vifunguliwe kwa mvuke. Wote wakaona ni maneno ya maana. Mtu angewaambia vinafunguka kwa kuruka kichura, wangeruka.

Mchana mmoja wa jua kali Fundi na Bi Mwanamkuu wakaja na chungu. Sadala alikuwa amerudi kutoka deltani, akanishika mikono yote miwili, kazi ya kwanza niliyomwona akiifanya kwa bidii. Majirani wakajaa uani. Mwantumu akainamishwa, mablanketi yakashuka, na mvuke ukaanza kutokea pembeni. Nilipiga kelele kwamba wanamuua. Wakaniambia ninyamaze, nisiliudhi.

Baada ya kitambo miguu yake ikaonekana kulegea chini ya blanketi. Watu wakaguna. Fundi Abdala akasogea karibu kabisa, akainamisha kinywa penye upenyo.

"Ewe uliyepanda," akasema, "nani jina lako, na wataka nini?"

Nikangoja nisikie kile kisauti cha siku zote, kinachokubali kila kitu. Kisha ndani ya mablanketi pakatoka sauti ya kukwaruza, kavu kwa kukosa mate.

"Jina langu Mwantumu binti Muhidini. Nataka uondoe huo mdomo wako, Abdala. Miguu imekufa, pua haijafa."

Majirani wakasogea karibu.

"Na weye mama," sauti ikaendelea, "kama dawa hii tamu hivyo, njoo uingie weye. Nafasi ipo. Mwanao akuingize, leo naona kapata nguvu."

Fundi Abdala aliyumba kidogo, kisha akainua mikono juu. "Alhamdulillahi," akasema. "Limesema."

Watu wakashangilia. Mmoja akauliza linaitwa nani. "Linajiita Mwantumu," Fundi akajibu. "Limejificha kwenye jina lake." Na hivyo ndivyo inavyosimuliwa pale kwetu mpaka leo, kwamba Fundi Abdala alilitoa jini la Mwantumu kwa nyungu moja ya mchana. Halua aliongezwa. Sina nguvu ya kubishana nao tena.

Sadala kwa mshangao alikuwa ameniachia mikono. Niliyavuta mablanketi, nikamburura dada yangu mpaka kivulini nyuma ya nyumba, nikammwagia mtungi mzima wa maji kichwani, kifuani, mapajani. Miguu haikurudi siku ile. Baadaye ilirudi nusu, ya kutembelea fimbo, na nusu hiyo ndiyo aliyoishi nayo mpaka bendera ya Mwingereza iliposhushwa na miaka mingi baada ya hapo. Lakini pale kivulini aligeuza uso wake, maji yanamchuruzika, akanitazama kwa lile jicho zima. Nilikuwa nalia mdomo wazi.

"Unalia nini, mjinga weye?" akasema. "Funga mdomo huo, nzi ataingia."

Ulikuwa umepita zaidi ya mwaka dada yangu hajanitukana. Nikaufunga mdomo, nikafungua pindo la kanga, nikamtolea kidonge chake cha mchana.